Mkunga wa Kobe

Mwanangu Rukia,

Amani ya Mungu iwe juu yako, na juu ya huyo uliyembeba. Barua hutakiwa ianze kwa kusema mwandishi hajambo. Mimi sisemi hivyo, maana nimekusudia kuandika ukweli mtupu, na itakuwa aibu nikianza kuuacha katika mstari wa pili.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe umekwenda Ng'ambo kwa shangazi yako kuaga, na mumeo Haji amepeleka masanduku bandarini. Kesho asubuhi mnapanda meli, kisha treni, mpaka hiyo Tabora ambayo mimi naijua kwa jina tu. Sitakwambia uchemshe maji ya kunywa, wala usiteremke treni ikisimama njiani, wala nguo za baridi ziwekwe juu. Hayo shangazi yako ameshakujaza masikio.

Kilichonikaa moyoni ni habari ya uzazi, na hiyo baba hazungumzi na binti yake. Akizungumza ataonekana kakosa haya. Angekuwepo mama yako angekuketisha kitandani, akakwambia yote kwa sauti ya chini, nami ningejifanya nasoma gazeti. Hayupo. Ninachokijua mimi ni ng'ombe, mbuzi na kobe, basi nitakusimulia habari za kobe, nawe utaelewa. Ndani yake limo jambo nililokuficha mwaka mzima.

Unakumbuka Bi Pole alivyokuja kwetu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka ule wa Mapinduzi, Bi Shirini, jirani yetu Mhindi wa nyumba ya pili, alifunga milango yake, akaja na kobe ndani ya karai la kufulia. "Bwana Makame, wewe mtu wa wanyama. Niwekee huyu. Nitarudi kumchukua." Hakurudi, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake. Alilia huku akimshika kobe kichwa, na kobe akakiingiza kichwa ndani. Wewe ukacheka, mama yako akakufinya.

Mwaka huohuo daktari wetu wa mifugo, Mwingereza, naye akaondoka, akaniachia ufunguo wa kabati la dawa. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikimshikia ng'ombe pembe, yeye akidunga sindano. Ghafla nikawa mimi ndiye wa kudunga. Ufunguo nilikabidhiwa, elimu aliondoka nayo. Lakini niliutia ufunguo ule kwenye kamba nikauvaa kiunoni, watu wakaniita daktari, na mimi sikumkataza hata mmoja. Makosa mengine yote nitakayokutajia yametoka hapo.

Siku zile waliokuwa wakiondoka waliacha kobe kama walivyoacha paka na kasuku. Nyumba nyingi zikawa na kobe asiye na mwenyewe, na wengi wao walikuwa majike. Siku moja nikaitwa Ng'ambo kwa Bi Mwanaidi, yule mama aliyekuwa akisuka mikeka. Kobe wake alikuwa hajala siku nne, anajikamua na hakitoki kitu. Nikaingiza vidole pale mbele ya mguu wa nyuma, nikamwinua upande, nikayasikia mayai yakigongana. Nikaamuru maji ya vuguvugu kwenye karai, yafike chini ya kidevu tu, akae humo mpaka maji yaanze kupoa. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka kwa mwendo wa wakubwa. Siku ya pili yake nikaletewa habari kuwa ametaga mayai sita.

Basi barazani wakanipa jina. Nikipita wanasema, "Haya mpisheni, Mkunga wa Kobe huyo!" Nilijifanya nakasirika. Nilifurahi mno, mwanangu, hata nikawa napita njia ile bila ya haja.

Ilipita miaka ndipo Bi Mwanaidi aliponiambia lililotokea. "Wewe ulivyoondoka, nlimtifulia udongo pale nyuma, nkaumwagia maji, nkamwacha peke yake. Alikuwa anataka pa kutagia tu, maskini." Sikumrejeshea mtu maneno hayo. Jina la mkunga nilikuwa nishalizoea.

Mama yako naye alijua bila ya kuambiwa na mtu. Ile kona ya ua wetu iliyokuwa na udongo, penye mrehani, kila mwaka msimu ukikaribia alikuwa akiimwagia maji ya kuoshea mchele mpaka ulainike, kisha anakukataza kucheza pale siku mbili tatu. Bi Pole anachimba kwa miguu yake ya nyuma, anataga, anafukia, anakwenda zake. Mayai hayakuwa na kitu ndani, maana dume hapakuwa, lakini yalitoka, na hilo ndilo la muhimu kwa jike. Mama yako alipofariki kwa homa ile, wewe ukaendelea kumwaga maji. Mimi nilidhani unamwagilia mrehani wa mamako kwa majonzi, nikanyamaza. Niliishi na wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi yangu mbele ya macho yangu, na sikuwahi kuuliza.

Mwaka jana ukaposwa. Nikasema binti yangu mmoja, harusi yake haitafanywa kwenye ua wa vumbi. Nikapata saruji kwa msimamizi mmoja wa majengo mapya, na wakati ule saruji ilikuwa haipatikani, kwa hivyo nilitembea kifua mbele. Tukasakafia ua wote, kona kwa kona. Mrehani nikaung'oa. Fundi aliniuliza, "Mzee, hii kona ya kobe tuiwache?" Nikamjibu, "Kobe ana nyumba yake mgongoni. Sakafu ni ya wageni." Wakacheka. Mimi watu wakishacheka huwa sirudi nyuma kuyafikiri niliyoyasema.

Wewe ulikuwa ndani juu, unapakwa liwa, huruhusiwi kushuka. Dirisha lako lilikuwa linatazama uani. Najua unayakumbuka mazungumzo haya, lakini nataka ujue kwamba na mimi nayakumbuka.

"Baba!"

"Naam."

"Bi Pole anakwaruza sakafu kwa miguu ya nyuma. Tangu juzi nnamsikia."

"Nshamwona."

"Anatafuta pahala, baba."

"Anataka kunichafulia sakafu yangu huyo. Bibi harusi hashughuliki na kobe. Rudi ndani."

Ukarudi ndani. Alikuwa ameshachubuka miguu. Damu ilikuwa imepiga mistari kwenye saruji mpya, nami niliifuta kwa kitambaa cha maji kabla wageni hawajafika.

Ulipokwenda kwa mumeo, siku ya tatu Bi Pole akaacha kula. Siku ya tano alikuwa amekaa ukutani, hatembei. Nikasema huyu choo kimemfunga, nikampa mafuta ya nyonyo. Rukia, nilikuwa najua la kufanya. Kobe wa watu wengine nilikuwa nikiwagusa kwanza, kabla ya kufungua hata mfuko. Huyu wangu sikumgusa, kwa sababu ningeyakuta mayai, na nikiyakuta mayai ingenilazimu nikubali kosa la sakafu.

Siku ya tisa nikamgusa. Yalikuwapo. Nikamtia kwenye maji ya vuguvugu, akachangamka kidogo. Nikamtoa nikamweka chini, na kwa nguvu zile chache alizozipata akaanza tena kukwaruza. Hapo ningemchukua nikampeleka penye mchanga, popote, hata kwenye kiwanja cha jirani, pengine angetaga. Lakini ilikuwa nipite barazani na kobe wangu mikononi, na wale wote wamekaa. Nikawaza watakavyosema: Mkunga wa Kobe kashindwa na kobe wake. Basi nikarudi ndani, nikafungua kabati la dawa badala ya kufungua mlango wa nje.

Ipo sindano tunayompiga ng'ombe aliyekwama kondo la nyuma. Inalikaza tumbo la uzazi ili lisukume. Kwa ng'ombe kipimo chake nakijua. Kwa kobe nilikisia. Dawa ile ina kazi ikiwa njia iko wazi na mnyama ana nguvu zake. Bi Pole hakuwa na nguvu, na yai moja lilikuwa limekaa kombo mlangoni, limeyazuia mengine. Tumbo likasukuma, na pa kwenda hapakuwa. Kobe hana kilio. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi, akaufunga, akaufungua tena. Nikaiona ncha ya yai, nikaingiza kibano nikavuta. Likavunjika ndani yake. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Nilimpasua, kwa kuwa bado nilikuwa natafuta ugonjwa wa kusingizia. Sikuukuta. Nilikuta mayai saba, maganda yake yamekuwa manene na magumu kwa kukaa sana, na tumbo la uzazi limechanika. Ini zuri, mapafu mazuri. Alikuwa kobe mzima wa afya, aliyekosa udongo usiozidi wa kujaza sufuria. Nilikaa pale uani na kisu mkononi, nikalia, na ndiyo mara ya kwanza kulia tangu mama yako kufa.

Nyumbani hapakuwa na pa kumzika, unajua kwa nini. Nikamtia kwenye pakacha nikampeleka Kizimkazi, shambani kwa baba yako mkubwa, nikamfukia pembeni mwa mihogo. Wiki ile ukaja kunitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Bi Pole yuko wapi?"

"Nimempeleka Kizimkazi kwa baba yako mkubwa. Huko kuna mchanga."

"Ahsante, baba. Umefanya vyema sana." Ukanibusu mkono.

Mahali sikukudanganya. Kizimkazi yuko. Na ulipokuja tena ukaniuliza kama kataga, nikasema kataga, na uliponiuliza mangapi, nikasema saba. Ulifurahi, ukahesabu kwa vidole, ukasema hajapata kutaga saba. Mwaka mzima nimekuwa nikikupa salamu za kobe aliyekufa. Juma lililopita ulipotaka nikupeleke ukamuage, nikakwambia barabara mbovu kwa mwenye mimba. Barabara haina neno. Niliogopa utafika, utauliza, na baba yako mkubwa hajui kusema uongo.

Sasa nisamehe, maana lililobaki ndilo zito zaidi.

Desturi yetu unaijua. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao, miezi saba ikifika, akajifungulie mikononi mwa mama yake. Mwezi uliopita ulikuja ukakaa kutwa nzima. Ulipanda ngazi ukashuka. Uliingia jikoni, ukatoka, ukapanda tena. Kisha ukafungua mlango wa chumba cha mama yako, ambacho mimi nimekijaza magunia ya pumba na masanduku ya dawa, ukasimama pale kizingitini muda mrefu, mkono kiunoni. Nikaja nyuma yako.

"Baba, magunia haya yatatoka lini?"

"Yatakwenda wapi? Haya nayo hayana kwao."

Ulicheka kidogo, kwa kunistahi. Ukaufunga mlango polepole. Ulipokuwa unavaa viatu ukaniuliza bila ya kunitazama, "Sasa mimi nijifungulie wapi, baba?" Nami nikajibu, "Mke humfuata mumewe." Nilijiona nimesema neno la hekima. Baada ya siku tatu Haji akaja kuniambia kuwa kazi ya Tabora ameikubali, na kwamba mtakwenda pamoja, kwa vile huku hapana wa kukutazama.

Leo nilipokaa kuandika, nilikusudia nikuungamie habari ya Bi Pole tu, basi. Nilipofika pale uliposema "anatafuta pahala, baba," mkono ukasimama. Nimekaa na kalamu mkononi mpaka wino umekauka kwenye ncha. Nimepata ishara ileile mara mbili, kutoka kwa mtu yuleyule, na mara zote mbili nimetia maneno ya kuchekesha.

Mwanangu, mimi si mtu wa kutoa mawaidha, na hata ningekuwa, usingekuwa na sababu ya kuyapokea. Nakwambia tu nilichokiona kwa macho. Jike akishikwa na mayai hupiga kelele kwa miguu yake, siku nyingi, kabla ya kunyamaza. Akishanyamaza, watu husema ametulia. Wewe usitulie. Umevimba miguu, nimeona unavyokanyaga kisigino cha kiatu kwa kuwa hakiingii. Mbele ya Haji unasema viatu vimebana kwa mvua. Ukifika huko sema miguu imevimba. Kichwa kikikuuma ukaona vimulimuli machoni, usingoje mumeo arudi kutoka kazini, toka umwite jirani, hata kama hujamjua jina. Wakikwambia ndivyo mimba zilivyo, mwambie mwingine. Na akikujia mtu na sindano, muulize kama ameshakupapasa tumbo na njia ameiona. Akikasirika, mwache akasirike. Wenye ufunguo wa kabati hukasirika wakiulizwa. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Na ukikosa mahali, omba mahali. Mara ya pili omba kwa jeuri. Ulilelewa uwe na adabu, na sifa hiyo watu wote wamekupa, lakini nimeanza kuiogopa. Adabu yako ndiyo iliyokufanya ukaufunga ule mlango polepole. Ungeubamiza, pengine ningeamka.

Sitaraji kukuona tena. Vibali vya kusafiri unajua vilivyo siku hizi, na kifua changu unakisikia kinavyolia nikipanda ngazi. Mtoto atazaliwa, Mungu akipenda, na nitapata habari kwa barua iliyochukua wiki tatu. Kama habari ni mbaya nayo itachukua wiki tatu, na siku zote hizo nitakuwa naomba dua kwa jambo lililokwisha. Nimejaribu kulitazama hili kwa upande mwingine, nikaambulia hayohayo.

Saa hizi ungali upo mjini. Kutoka hapa mpaka kwa shangazi yako ni mwendo wa robo saa kwa miguu, hata kwa kifua hiki. Ningeweza kuja, nikasimama mlangoni, nikasema mbele yao wote: Rukia, usiende, jifungue kwenu, magunia nayatoa leo. Haji ni mtu mwema, asingekataa. Nadhani hata yeye anangoja neno hilo. Nimevaa kofia mara mbili na nimeivua mara mbili. Nikija utaniuliza kwa nini leo, na jibu lake ndiyo haya yote, na haya yote siwezi kuyasema nikikutazama usoni.

Basi kesho nitakupa barua hii gatini, mkononi mwako, meli ikishapiga honi. Nitakwambia ni dua ya safari, usiifungue mpaka mfike. Wewe ni mtoto msikivu, hutaifungua. Nimeweza kuiandika kwa kuwa najua ukiisoma utakuwa umeshafika mbali, na hutaweza tena kurudi.

Baba yako,
Makame